Mama anatoka Moshi kwenda Minneapolis peke yake: nimpandishe ndege ya Nairobi–New York?

*"Shikamoo. Mama yangu ana miaka 71, anaishi Moshi, na viza yake ya Marekani imeshatoka. Mimi niko Minneapolis na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kiingereza chake ni cha kuokoteza na magoti yanamsumbua. Nimeona njia rahisi ni ile ndege ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, ili asipotee kwenye viwanja vya Ulaya. Wakala ananishauri nikate tiketi mbili: moja ya KIA (uwanja wa Kilimanjaro)–Nairobi, nyingine ya Nairobi–New York–Minneapolis. Ananiambia nitaokoa dola 280, na New York atasubiri saa moja na dakika 40 tu. Ananihakikishia pia kwamba begi litafika Minneapolis lenyewe. Je, niko sahihi? Na hizi ndege zisizotua njiani mtu anazitafutaje?"*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa viza, na nakuelewa. Unamwona mama amesimama katikati ya ukumbi mkubwa na karatasi mkononi, watu wanampita, hajui ageukie wapi. Kwa hofu hiyo umeng'ang'ania neno "moja kwa moja" na kuamini kwamba litamlinda. Kwa mtu anayeishi Nairobi na anayekwenda New York, litamlinda kweli. Lakini mama yako anatoka Moshi na anakwenda Minneapolis, na kwake ndege hiyo ni kipande cha katikati tu cha safari yenye vipande vitatu. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usimpitishe huko, ila kwa sharti moja nitakalolitaja baadaye.

Kwanza tuhesabu. Kenya Airways ilianza kuruka Nairobi–New York bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787. Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi hupungua kwa karibu saa moja kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege. Ongeza saa moja ya KIA–Nairobi, kisha saa tatu na ushee za New York–Minneapolis. Jumla mama atakuwa angani kama saa 19, kwa ndege tatu.

Sasa tazama njia ya Amsterdam. KLM hutua KIA, na kwa ratiba niliyoizoea ndege hiyo ikitoka KIA hupitia Dar es Salaam kabla ya kurudi Amsterdam. Toka Amsterdam kuna ndege ya Delta, mshirika wa KLM, inayokwenda Minneapolis bila kutua popote. Saa moja hadi Dar, kama kumi hadi Amsterdam, tisa hivi hadi Minneapolis: saa 20 angani. Tofauti ni saa moja tu. Ila hapa mama anabadilisha ndege mara moja, maana Dar abiria wa KIA kwa kawaida hubaki kwenye viti vyao huku wengine wakishuka na kupanda. Kwa njia ya New York atabadilisha mara mbili.

Hapo umeshaona kwamba watu hutumia "moja kwa moja" kwa mambo mawili tofauti. Kuna ndege isiyotua kabisa mpaka mwisho wa safari, na kuna ndege yenye namba moja ya safari inayotua njiani kuchukua abiria au mafuta, kisha ikaendelea. Zote mbili huuzwa kwa jina hilo hilo. Ethiopian Airlines ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi ndege zake za Washington zimekuwa zikirudi Addis Ababa bila kutua, lakini za kwenda hulazimika kusimama mahali kama Dublin au Lomé. Sababu ni kwamba uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hayapati nguvu ya kutosha kuinua ndege iliyojaa watu, mizigo na mafuta ya saa 14 au zaidi kwa pamoja. Inabidi kitu kipunguzwe, na kinachopunguzwa ni mafuta. Nairobi nayo iko juu, kama mita 1,600. Ndiyo maana safari ndefu namna hii ni chache kwetu: shirika linahitaji ndege inayomudu, uwanja unaoruhusu, na abiria wa kutosha kulipa gharama. Kutoka Tanzania hakuna ndege inayofika Marekani bila kutua popote.

Hata hivyo, saa za angani si kigezo changu kikubwa. Mimi ninapompangia mzee safari huhesabu mahali ambapo atalazimika kuamua jambo akiwa peke yake. Akiwa kwenye kiti ndani ya ndege haamui chochote, anahudumiwa. Uamuzi uko kwenye korido, kwenye vibao na kwenye foleni. Na mahali pazito kuliko pote katika safari ya Marekani ni kiwanja cha kwanza anachotua ndani ya nchi hiyo.

Hapa wakala wako amekosea, na kosa hili limewatesa wengi. Abiria anayeingia Marekani hupita uhamiaji kwenye kiwanja cha kwanza cha nchi hiyo, hata kama tiketi yake inaendelea mbele. Baada ya kuruhusiwa kuingia huchukua begi lake kwenye mkanda, hata kama lebo imeandikwa Minneapolis. Hupita nalo forodhani, hulikabidhi tena kwa shirika upande wa pili, kisha huanza upya ukaguzi wa usalama: mkanda wa kiunoni, chupa ya maji. Kwa njia unayoitaka, yote hayo mama atayafanya JFK, uwanja wa New York wenye majengo kadhaa yaliyoachana, baada ya kukaa angani saa 15, na wewe uko mbali kwa ndege ya saa tatu. Saa moja na dakika 40 haitoshi. Foleni ya uhamiaji peke yake inaweza kuimaliza.

Kwa njia ya Amsterdam, kiwanja cha kwanza cha Marekani ni Minneapolis penyewe. Atapita uhamiaji hapo, atachukua begi hapo, atatoka mlangoni na wewe umesimama nje. Ofisa akiwa na swali zito, mama anayo barua yako yenye anwani na namba ya simu, na wewe uko mita chache nje ya ukuta. Lugha isikuogopeshe. Mwambie aseme "Swahili" kwa sauti na atulie, kwani maofisa hao hutumia wakalimani kwa simu. Mimi ningelipia zaidi kwa ajili ya jambo hili moja kabla ya kulipia kingine chochote.

Nimekuahidi sharti. Kama una ndugu wa kuaminika New York anayeweza kumpokea mama akitoka forodhani, akalala kwake usiku mmoja au miwili, halafu akasindikizwa hadi lango la kuingilia la ndege ya Minneapolis, basi njia ya Nairobi inakuwa nzuri sana. Ndani ya Kenya Airways atahudumiwa kwa Kiswahili, na kwa mtu anayepanda ndege kwa mara ya kwanza hilo ni faraja kubwa. Ila angalia siku, maana misimu mingine ndege hiyo hairuki kila siku, na ikiahirishwa kusubiri kunaweza kuwa kurefu.

Sasa tiketi mbili. Hizo dola 280 usiziokoe. Tiketi inapokuwa moja, yenye namba moja ya uhifadhi ile ya herufi na tarakimu sita, mashirika yote yaliyomo yamekubali kumfikisha abiria mwisho wa safari. Ndege ya kwanza ikichelewa akaikosa ya pili, ni kazi yao kumtafutia nyingine bila malipo, na kwa kawaida kumpa chakula na mahali pa kulala akikwama usiku. Tiketi zikiwa mbili, kila shirika linaona kipande chake tu. Ndege ya KIA ikichelewa kwa saa mbili, shirika la ndege ya Nairobi litamhesabu mama kama mtu ambaye hakutokea, na tiketi yote ya kwenda Marekani itapotea pamoja na ya kurudi. Begi nalo litaishia Nairobi, na itabidi aingie nchini Kenya rasmi, alichukue, kisha alikabidhi upya. Tiketi mbili ni za kijana mwenye begi la mgongoni na siku ya ziada mfukoni. Mzee wako si mtu wa kubahatishiwa.

Muulize wakala swali hili kama lilivyo: "Je, KIA hadi Minneapolis ni namba moja ya uhifadhi, na lebo ya begi itatoka KIA ikiwa imeandikwa MSP?" (MSP ni kifupi cha kiwanja cha Minneapolis.) Akianza kuzunguka, tafuta mwingine. Angalia pia maneno madogo yanayosema ndege "inaendeshwa na" nani. Shirika moja linaweza kuuza kiti kwa namba yake huku ndege ni ya mwenzake. Hilo si baya, ila siku ya safari mama atatafuta jina lililo kwenye pasi ya kupandia na kukuta ndege ina jina jingine ubavuni. Mwelezeni mapema.

Kuhusu muda wa kusubiri, wengi hudhani mfupi ndio bora. Kila kiwanja kina muda wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa kuunganisha ndege, na mifumo ya kuuzia tiketi haitakuuzia chini ya hapo ndani ya tiketi moja. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, muda huo ni chini ya saa moja. Lakini huo ni muda wa mtu mwenye miguu mizima, anayejua njia, siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Mashirika makubwa hupanga ndege zao kama mabasi ya stendi: zinaingia nyingi alfajiri, watu wanabadilishana, kisha zinatoka kwa pamoja asubuhi. Ndege za kutoka Afrika hufika Amsterdam alfajiri au asubuhi mapema, na za Marekani huondoka kati ya asubuhi na mchana. Kwa hiyo utapata nafasi ya saa mbili hadi nne bila kuitafuta sana. Kwa mama chukua tatu. Zikizidi sita atachoka na kuanza kuhangaika, zikipungua mbili wewe ndiye utakayehangaika.

Jambo jingine ambalo wachache huliangalia: ikitokea ameikosa ndege ya pili, inayofuata ni lini? Toka Amsterdam Delta hukwenda Minneapolis kila siku, na kuna siku huwa zaidi ya mara moja. Iko pia njia ya Detroit kama msaada. Kuunganisha kuzuri ni kule ambako kukiharibika kunatengenezeka siku hiyo hiyo. Usimpe kamwe mzee ndege ya mwisho ya siku.

Umeuliza ndege hizi hutafutwaje. Watu huandika mji wa kuondokea na mji wa kufikia, wanapata orodha ndefu, wanachagua bei ya chini. Mimi huanzia mwisho. Fungua ramani ya safari za kiwanja cha Minneapolis, kwa mfano kwenye FlightConnections, au ukurasa wa kiwanja hicho kwenye Wikipedia, uone ni miji gani ya nje ya Marekani inayokifikia bila kutua. Utakuta Amsterdam, Paris, Frankfurt, London na mingine michache. Kisha fungua KIA, uone ni mji upi kati ya hiyo una ndege zinazokuja huko. Miji inayoonekana pande zote mbili ndiyo njia zako za kubadilisha ndege mara moja. Kwa KIA na Minneapolis, Amsterdam ndiyo iliyodumu zaidi. Frankfurt nayo huwa na ndege, ila kwa siku chache za juma. Baada ya hapo ndipo uingie Google Flights, uweke kichujio cha vituo visivyozidi viwili, maana Dar nayo inaweza kuhesabiwa kama kituo, na ufungue maelezo ya kila safari usome inatua wapi na kwa muda gani. Mwisho chukua namba ya ndege uitazame kwenye Flightradar24 kwa siku zilizopita: ikiwa inachelewa mara kwa mara, utaiona hapo kabla hujalipa.

Ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo ulichokiona Februari kihakikishe tena ikiwa mama anasafiri Julai.

Njia nyingine zipo. Kupitia Doha, Istanbul au Addis Ababa unaweza kupata nauli nafuu hadi Chicago, lakini hapo uhamiaji na begi vitakuwa Chicago, na bado ana ndege moja mbele. Kama uko tayari kuendesha gari hadi Chicago kumchukua, fikiria. Abu Dhabi ina upekee wake: tangu 2014 kuna maofisa wa Marekani ndani ya kiwanja hicho, na abiria wa Etihad wanaokwenda Marekani humaliza uhamiaji huko huko kabla ya kupanda, wakatua Marekani kama watu wa safari ya ndani. Kwa mtu wa Nairobi anayekwenda mji usio na ndege ya nje, hiyo ni njia ya kuipa uzito. Kwa mama wa Moshi inaongeza kipande cha Nairobi, kwa hiyo naiacha.

Viza za njiani zisisahaulike. Mwenye viza halali ya Marekani hahitaji viza ya kupita ndani ya kiwanja cha Schiphol, mradi asitoke eneo la kimataifa. Lakini kuna mtego. Wakala akimpitisha viwanja viwili vya Ulaya ya Schengen, yaani nchi zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, tuseme Zurich kisha Frankfurt, safari ya kati ni ya ndani ya Schengen na mama atapaswa kuwa na viza ya Schengen. Bila hiyo atazuiwa KIA. Kwa London, pasipoti ya Tanzania, kama ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, inahitaji viza hata ya kupita tu, isipokuwa una hati fulani kama viza ya Marekani. Ndugu zetu wa Kongo wawe makini zaidi, maana wao hudaiwa viza ya kupita kiwanjani hata Brussels, Paris na Amsterdam wasipokuwa na hati za namna hiyo. Masharti haya yasome kwenye tovuti ya serikali ya nchi husika siku ya kukata tiketi, si kwa kuambiwa.

Tarehe nayo imewakosesha watu wengi safari. Tiketi huandikwa kwa saa 24 na siku mpya huanza saa sita usiku. Ndege ya Istanbul, kwa mfano, mara nyingi hutoka kwetu usiku wa manane. Ikiandikwa tarehe 15 saa 03:30, ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Mama anapaswa kuwa uwanjani tarehe 14 usiku, si kuamka tarehe 15 akapige pasi nguo. Mwandikie kwa Kiswahili siku ya kuondoka nyumbani na saa ya kuondoka nyumbani, yale ya ndege mwachie aliyemsindikiza.

Tuje kwenye magoti, maana hapa ndipo kuna dawa ya hofu yako. Omba kiti cha magurudumu, na kiombe leo unapokata tiketi, si siku ya safari. Mashirika huomba taarifa angalau saa 48 kabla. Huduma hii hailipiwi. Kuna daraja tatu: WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, WCHS hawezi ngazi, na WCHC hubebwa hadi kwenye kiti. KIA hupandwa kwa ngazi kutoka uwanjani, kwa hiyo kama magoti hayamruhusu omba WCHS na uone limeandikwa kwenye tiketi yake. Watu huona aibu, wanasema mama anatembea vizuri tu. Lakini faida kubwa ya kiti hicho ni yule mtu anayekisukuma. Anampokea mama mlangoni mwa ndege Amsterdam, anampeleka mpaka lango la Minneapolis, na Minneapolis anampitisha uhamiaji, anamchukulia begi na kumtoa nje mpaka kwako. Kupotea kunabaki kuwa kugumu sana. Mwambie mama asiondoke mahali alipowekwa, hata akiona amesahauliwa. Watarudi.

Kukaa muda mrefu bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na hatari hiyo huanza kuonekana kwenye safari za zaidi ya saa nne. Umri wake unaiongeza. Chagua kiti cha pembeni mwa njia ili ainuke bila kuomba ruhusa, anywe maji, akanyage-kanyage vidole na visigino akiwa amekaa. Kama ana presha, kisukari, miguu inayovimba, au amefanyiwa upasuaji miezi ya karibuni, asiishie kwenye ushauri wangu. Aende hospitali, KCMC iko hapo hapo Moshi, amwone daktari wiki kadhaa kabla, amuulize kuhusu soksi za kubana na jinsi ya kumeza dawa saa za nchi zikibadilika. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari, kamwe zisiwekwe kwenye begi kubwa.

Ukishapata namba ya uhifadhi, mwombe mtu wa Moshi aende na mama mwenyewe kwenye ofisi ya shirika au kwa wakala aliyekata, wakiwa na pasipoti yenye viza. Jina kwenye tiketi lilingane na pasipoti herufi kwa herufi, kiti cha magurudumu kionekane kwenye vipande vyote na si cha kwanza tu, na namba yako ya simu ya Minneapolis iingizwe. Siku tatu kabla, ingia wewe mwenyewe kwenye programu ya shirika uhakikishe saa hazijasogezwa. Zikiwa zimesogezwa na muda wa Amsterdam umepungua chini ya saa mbili, piga simu siku hiyo hiyo uombe ndege inayofuata. Ratiba ikibadilishwa na shirika lenyewe, kwa kawaida hawatozi kukuhamisha.